Kabla tingatinga halijaingia: nani hukagua makaburi, miti na mabaki ya kale kwenye miradi ya umma Nairobi?

Mchimba Kale (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salaam. Uzi huu ni mrefu kwa sababu jambo lenyewe limenikaa rohoni. Kazi yangu ni akiolojia, nyumbani kwangu ni Nairobi, na kila nikiona bango la mradi mpya limesimikwa kando ya barabara nauliza swali lile lile.

Mradi ukitangazwa, iwe barabara, bomba la majitaka, soko au nyumba za bei nafuu, sisi wananchi huuliza nani kapata kandarasi, nani atafidiwa, na foleni itakuwaje. Ni haki yetu. Lakini ni wachache mno wanaouliza kama kuna mtaalamu aliyetembea mle kwa miguu kabla ramani haijachorwa, akaangalia kama pana makaburi, mahali pa matambiko, jengo lenye historia, au masalio ya watu walioishi hapo zamani.

Najua jibu linalokuja haraka: Nairobi ni mji wa reli, ulianza 1899, kabla ya hapo ni kinamasi tu. Si kweli. Reli ilikuta maji ambayo Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe, na jina la mji ni lao. Kwenye miinuko ya magharibi kuelekea Dagoretti na Kikuyu palikuwa na mashamba ya Wakikuyu. Ukirudi nyuma zaidi, Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, kumejaa mashoka ya mawe, na mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa zana ndogo na rangi za madini zilizopatikana kwenye bonde hilo zina umri wa takriban miaka 320,000. Kilima cha Lukenya, ng'ambo ya Athi River, kimetoa zana za mawe, vigae vya vyungu, mifupa ya mifugo ya wafugaji wa kale na kipande cha fuvu la binadamu. Baadhi ya obsidiani iliyotumiwa Lukenya, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ilitoka eneo la Naivasha. Fungua ramani uone kati ya Naivasha na Lukenya pana nini. Ni sisi.

Sasa tukumbuke mugumo wa Waiyaki Way. Mwaka 2020, barabara ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands ikijengwa, mti ule wenye umri wa karne na urefu wa jengo la ghorofa nne ulikuwa umepangiwa kung'olewa. Watu walipiga kelele, na Novemba ile Rais Uhuru Kenyatta akatoa agizo mti ubaki. Nilifurahi kama wengine wote. Lakini tujiulize mti mkubwa hivyo, wa aina ambayo Wakikuyu wameuheshimu vizazi na vizazi kama mahali pa sala, ulifikaje kusubiri agizo la Rais wakati mashine ziko barabarani? Mugumo haujafichwa ardhini. Mtu mmoja mwenye daftari angeuandika siku ya kwanza, na mhandisi angeuona kwenye mchoro kabla hajapiga mstari wake.

Hoja yangu iko hapo. Ukaguzi wa urithi ufanywe kabla mstari haujachorwa, wakati kuusogeza mradi mita thelathini ni kazi ya penseli. Ukifanywa baadaye, machaguo yanayobaki ni mawili: kuvunja au kugombana.

Kuhusu sheria, tusidanganyane kwamba hatuna. Sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 58, inamtaka mwenye mradi awasilishe ripoti kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kabla ya kufadhili au kuanza kazi. Kabla ya kufadhili, wadau. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inasema anayegundua mnara wa kale (jengo au mahali pa kumbukumbu) au kitu chenye umuhimu wa akiolojia ataarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi kilivyopatikana. Hakuna ruhusa ya kuchimbua bila leseni. Na mradi ukiwa na pesa za Benki ya Dunia, tangu 2018 kuna kiwango kizima cha masharti yake, cha nane, kinachohusu urithi wa utamaduni peke yake.

Tatizo ni jinsi tunavyoitekeleza. Ripoti nyingi za mazingira nilizosoma zina kurasa na kurasa za vumbi, kelele na maji, halafu urithi unapewa mistari miwili: hakuna athari zilizoonekana. Zilionekana na nani? Akiwa ndani ya gari au kwa miguu? Mwezi gani, nyasi zikiwa fupi au zikiwa kiunoni?

Kazi yenyewe ikifanywa vizuri huanzia mezani. Makavazi yana kumbukumbu za maeneo yaliyosajiliwa, kila moja na alama zake za herufi na nambari (Lukenya ni GvJm, halafu nambari ya eneo). Pale Ruaraka, Idara ya Upimaji ina ramani za zamani na picha za angani. Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue zina mafaili ya wakoloni yanayoonyesha kambi, makaburi na vijiji vilivyohamishwa. Baada ya hapo unakwenda kwa wazee. Hapa ndipo haraka huharibu mambo, kwa sababu mzee hawezi kukuonyesha mahali pa kafara au kaburi la mama yake mbele ya umati wa baraza la chifu. Unamrudia nyumbani, pengine yeye na wewe tu, na mkikubaliana mahali hapo hapachapishwi kwenye ramani ya umma.

Ndipo unatembea. Mistari sambamba, watu wameachana mita chache, macho chini. Halafu mashimo madogo ya majaribio, mita moja kwa moja, udongo ukichekechwa.

Hayo mashimo si ya hiari kwa Nairobi yetu, na hili ningependa wahandisi walisome mara mbili. Kuanzia Embakasi kwenda Athi River ardhi ni udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikija. Vitu vidogo huangukia kwenye nyufa, udongo hujigeuza, na juu unaona uwanda mtupu. Anayekagua kwa macho peke yake ataandika kwamba hakuna kitu. Kisha mwanakandarasi, kwa kuwa udongo huo haubebi barabara, anauondoa wote, anajaza murramu, na ule udongo unabebwa kwa malori kwenda kumwagwa kusikojulikana. Kilichokuwa ndani kimekwenda nao.

Na murramu yenyewe inatoka wapi? Mashimo ya murramu, machimbo ya mawe, kambi ya wafanyakazi, njia za kupitishia malori, hivyo vyote huwa nje ya mstari wa barabara na mara nyingi havikaguliwi kabisa, ilhali kilima kinachochimbwa murramu ndicho hasa mtu wa kale angekichagua kukaa, akiona mbali na asipofikiwa na maji.

Karibuni tujadiliane.

---

Mjengo Mkubwa

Mchimba, nakuheshimu, lakini wacha nikupe upande wa site. Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Siku moja ya mashine kusimama ni pesa nyingi: greda, ekskaveta, roli, madereva wote wamekaa. Kibarua akiibua chungu, unadhani atasema? Akisema, kazi inasimama na yeye analipwa kwa siku. Foremani naye anaogopa mkandarasi, mkandarasi anaogopa faini ya kuchelewa. Kila mtu ana sababu ya kunyamaza. Nimeshuhudia mifupa ikirudishiwa udongo haraka, na hakuna aliyeuliza ni ya mtu au ya ng'ombe. Siwezi kutaja mradi. Nasema tu ndivyo ilivyo.

---

Mchimba Kale

Mjengo, asante kwa kusema ukweli huo waziwazi. Umeeleza kiini cha shida kuliko mimi.

Tuangalie kandarasi zenyewe. Mikataba mikubwa ya ujenzi wa umma hufuata mfano wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Toleo la 1999 lina kipengele 4.24 kinachohusu visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Kwenye toleo la 2017 kimekuwa 4.23 na kinataja akiolojia moja kwa moja. Maana yake ni hii: ukikuta visukuku, sarafu, vitu vya thamani au masalio ya kale, unavilinda visichukuliwe wala kuharibiwa, unamjulisha Mhandisi mara moja, unafuata maagizo yake, na ukicheleweshwa au ukiingia gharama kwa sababu hiyo una haki ya kudai muda wa ziada na malipo. Mkandarasi anayenyamaza kwa hofu ya faini anaogopa kitu ambacho mkataba wake umekwisha kumwondolea, mradi tu atoe taarifa kwa wakati.

Lakini kibarua hajawahi kuuona mkataba. Kwa hiyo yale mazungumzo ya usalama ya asubuhi, ya helmeti na buti, yaongezwe dakika tano. Waonyeshwe picha: kigae kinafananaje, jiwe lililochongwa linafananaje, mifupa ya mtu ikilala kaburini inakaaje. Waambiwe nani apigiwe simu. Na iandikwe kwamba aliyetoa taarifa atalipwa siku yake hata mashine zikisimama. Hilo la mwisho ndilo litakalowafungua midomo.

Mifupa ya mtu ikionekana, kazi isimame pale na polisi waitwe kwanza, kwa sababu hakuna anayejua bado kama ni ya miaka elfu moja au ya mwaka jana.

---

Binti wa Eastlands

Mimi sijui mambo ya mawe ya kale, ila nataka kuuliza kuhusu mitaa yetu. Nimezaliwa Kaloleni. Mama zetu walifunga ndoa na kuliliwa katika ukumbi ule ule, na wazee wanasema mikutano ya siasa ya kabla ya uhuru ilifanyika hapo. Kila baada ya miaka michache tunasikia mitaa ya zamani itabomolewa, yajengwe maghorofa. Hatukatai nyumba mpya, mabomba yetu yameoza. Lakini mtu akija kukagua atasema hii si akiolojia, ni nyumba za kanjo tu. Je, tuna la kusema?

---

Mchimba Kale

Dada yangu, mna la kusema, tena kubwa.

Kuna mkanganyiko ambao hata maafisa huwa nao. Sheria ya 2006 inaposema vitu vya kale, kwa vitu vinavyohamishika, inaweka mpaka wa mwaka 1895. Watu wakishasikia 1895 wanadhani jengo la 1940 halihesabiki. Lakini kwa mahali na majengo, sheria hiyo inaruhusu Waziri kutangaza kuwa mnara wa taifa mahali au jengo la umri wowote, likiwa na umuhimu wa kihistoria, kiutamaduni, kisayansi au kiusanifu. Umri wowote. Mnaweza kuomba ukumbi wenu utangazwe hivyo.

Na msiishie kwenye ukumbi. Mkaguzi akija, mpelekeni kwenye mti waliokutania akina mama wa soko, kwenye uwanja ambao vijana wa mtaa walichezea, kwenye nyumba ambayo mnajua nani aliishi. Andikeni majina ya wazee walio hai na wanayoyakumbuka, kwa sauti zao, kabla barua ya kuhama haijafika. Hata kama mwisho nyumba zitavunjwa, pana tofauti kubwa kati ya mtaa uliopimwa, ukapigwa picha na kusimuliwa, na mtaa uliofutwa.

Mji huu una mfano mzuri na mfano mchungu. Mzuri ni City Park: pale Parklands wamelala Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965, na Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa zamani, aliyetaka kuzikwa karibu na rafiki yake. Bustani ile imenyemelewa na wanyakuzi miaka mingi, na kutangazwa kwake katika Gazeti Rasmi kumewapa wananchi kitu cha kushikilia. Mchungu ni nyumba ya Murumbi mwenyewe kule Muthaiga, iliyotarajiwa kuwa mahali pa kuenzi mkusanyiko wake wa sanaa ya Afrika. Ilibomolewa. Leo hakuna pa kumpeleka mtoto umwonyeshe.

---

Mzalendo wa Embakasi

Naongezea la kwetu. Uwanja wa ndege wa kwanza wa Embakasi, uliofunguliwa 1958, ulijengwa kwa jasho la wafungwa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari. Babu yangu alikamatwa hapa mjini kwenye msako wa Aprili 1954, ule walioupa jina Anvil. Hakupenda kusimulia. Mabomba na barabara vinachimbwa kila mwaka upande huu, na sijawahi kusikia mkutano ambapo mtu ameuliza kambi zilikuwa wapi hasa, na waliokufa walizikwa wapi. Familia zingependa kujua.

---

Fedha Kwanza

Nitasema wasilotaka kusema wengine. Watu wanalala kwenye mabati Mukuru, mnataka tusimamishe nyumba kwa ajili ya vigae? Nchi zilizoendelea zilijenga kwanza, wakaja kuhifadhi baadaye wakiwa matajiri.

---

Mchimba Kale

Ndugu, swali lako ni halali na nitalijibu kwa mfano wa nchi tajiri kabisa.

New York, Marekani, mwaka 1991, serikali yao ilianza kujenga jengo la ghorofa 34 mtaa wa Broadway. Wao wana sheria tangu 1966 inayotaka idara ya serikali kuu ipime athari kwa urithi kabla ya kutumia pesa. Ramani ya karne ya 18 ilionyesha wazi kuwa hapo palikuwa na makaburi ya Waafrika. Waliokagua waliiona hiyo ramani. Wakadhani misingi ya majengo yaliyofuata ilikwisha kuharibu kila kitu, na mradi ukaendelea. Kumbe makaburi yalikuwa chini zaidi, yamefunikwa na vifusi vya miaka mingi. Yaliibuka mabaki ya watu 419, wengi wao watumwa na watoto wa watumwa. Watu weusi wa mji ule waliandamana, na mwaka 1992 uchimbaji ukasimamishwa na Bunge lao kuingilia kati. Sehemu ya mradi ikafutwa, mabaki yakachunguzwa Chuo Kikuu cha Howard, yakazikwa tena 2003, na 2006 pakatangazwa kuwa mnara wa taifa.

Hesabu mwenyewe gharama ile, uilinganishe na gharama ya mashimo machache ya majaribio mwaka mmoja kabla.

Na hapa kwetu, Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa mradi wa bandari ya Lamu ulikiuka haki za watu wa pale, zikiwemo haki za utamaduni wao, na ikaagiza wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, leseni ya mradi wa makaa ya mawe Lamu ikafutwa na Baraza la Kitaifa la Maamuzi ya Mazingira (National Environment Tribunal) kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Anayetaka nyumba za Mukuru ziishe kwa wakati ana kila sababu ya kutaka ukaguzi ufanywe mapema na ufanywe vizuri. Mimi natamani familia zile zipate nyumba. Natamani pia zijengwe bila mtu kuja kugundua, msingi ukiwa umeshamwagwa, kwamba chini yake kuna kaburi la nyanya yake.

---

Kijana wa Athi River

Nimefuatilia kimya, sasa nimepata ujasiri. Kwetu kuna mpango wa bomba la majitaka la umma, vigingi vya wapimaji vimeshapigwa. Kwenye korongo karibu na mstari huo, mvua ikinyesha, watoto huokota vipande vyeusi vya kung'aa, vikali kama wembe, na vigae vyenye michoro. Nimekusanya kwenye kopo nyumbani. Nifanye nini? Na nikiandika barua, atanisikiliza nani?

---

Mchimba Kale

Kaka, umefanya vyema kusema. Kwanza acha kuokota, na uwaombe watoto waache. Kipande kikiwa koponi kinatuambia kidogo sana. Kikiwa ardhini, pamoja na jirani zake na kina chake, kinatuambia walioishi hapo walikula nini na walitoka wapi. Vilivyo koponi usivitupe wala usivioshe. Andika kwenye karatasi vilitoka sehemu gani ya korongo, kadiri unavyokumbuka, uweke humo humo.

Rudi korongoni na simu. Piga picha za vipande vilivyo chini bila kuvigusa, weka sarafu ya shilingi ishirini kando ili ukubwa ujulikane, halafu picha ya mbali inayoonyesha korongo na kigingi cha wapimaji pamoja. Hiyo ya pili ndiyo itakayowaamsha. Nakili viwianishi vya mahali kutoka kwenye ramani ya simu. Usiziweke mtandaoni, hata hapa, maana kuna wanaonunua vitu hivi.

Barua iende kwa Mkurugenzi Mkuu, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Museum Hill, nakala kwa NEMA ofisi ya kaunti yako na kwa shirika linalotekeleza mradi. Jina lake liko kwenye bango. Ipeleke mwenyewe ukiweza, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala yako. Katika barua hiyo hiyo kwa shirika, omba nakala ya ripoti ya tathmini ya mazingira kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu. Ukiipata, tafuta sehemu ya urithi uone kama korongo lenu limetajwa, na kama njia za malori na sehemu ya kumwaga udongo zimekaguliwa.

Zungumza pia na mzee wa mtaa na mwakilishi wadi kabla barua haijaenda, wasije wakasikia kwa watu. Vigingi vikiwa vimepigwa lakini mtaro haujachimbwa, bado kuna nafasi ya kulipinda bomba. Nitumie ujumbe wa faragha leo usiku, nikusaidie kuiandika hiyo barua ya kwanza.